Ridhaa ya Mmoja

Asubuhi ya Jumanne, siku nne kabla ya harusi ya shangazi yake, Hidaya Shekiondo alikuwa amezamisha mikono kwenye unga hadi viwiko, Inspekta Tumpe Mwaisela alipoingia dukani na kuomba mkate wa maziwa na dakika kumi za faragha. Mkate aliupata papo hapo. Dakika zilisubiri kidogo, kwa kuwa oveni ya jua juu ya paa ilikuwa imeanza kupata moto, na maandazi hayamngoji mtu, hata awe polisi.

Wiki ile Lushoto nzima ilikuwa na mada moja. Shangazi Mwanjaa, mwenye miaka sitini na mitatu, alikuwa ameamua hatimaye kuolewa na Mzee Kupaza, fundi wa redio, baada ya kumzungusha miaka kumi na mmoja. Hidaya ndiye aliyepewa kazi ya keki. Kwa hiyo alipomwona inspekta, wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba naye amekuja kuulizia kadi ya mwaliko.

"Karibu nyuma huku, inspekta. Ukae kwenye gunia, viti vyote vimekwenda harusini."

Tumpe alikaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya upole kuliko kazi yake. Aliweka kibao chake cha kioo juu ya meza ya unga, na pakatokea picha ya kipande cha dirisha kilichoungua, cheusi, chenye doa dogo pembeni.

"Unamkumbuka Mbonea Kiangi?"

Nani asingemkumbuka. Miaka sita iliyopita, mchana wa Ijumaa, watu wakitoka msikitini, ghala la mbegu la ushirika liliwaka moto. Mbegu za maharage, za mahindi ya milimani, za mboga ambazo bibi zao walizihifadhi kwenye vibuyu, zote zikawa majivu. Mbonea ndiye aliyekuwa mtunza ghala, na ufunguo ulikuwa wake peke yake. Alidai moto ulipoanza alikuwa barabarani akinunua ndizi. Hakupatikana hata mtu mmoja aliyemwona. Walimfunga miaka kumi na minane.

"Namkumbuka," Hidaya alisema. Alikumbuka pia kitu kingine, kwamba siku zile yeye mwenyewe, akiwa nyuma ya kaunta hii hii, aliwaambia wateja, "Lazima ni yeye, kwani ufunguo alikuwa nao nani?" Alisema hivyo huku akifunga mikate.

"Damu hii haikusomeka wakati ule," Tumpe alieleza. "Moto ulikuwa umekatakata vinasaba vyake vipande vidogo mno. Sasa tuna mashine inayoviunga, kama mtu anayeunga barua iliyochanwa. Tumeisoma. Si ya Mbonea. Ni ya mwanamke, na hayumo kwenye daftari la taifa la vinasaba." Alimgeuzia kibao. "Ila ndugu yake yumo. Wewe."

Hidaya alijipangusa mikono kwenye aproni taratibu. "Mimi nimeingiaje humo?"

"Figo yako."

Ilikuwa kweli. Miaka minne iliyopita alioteshewa figo mpya kwa chembe zake mwenyewe, ikapandikizwa, na tangu hapo anakunywa chai kama watu. Kabla ya upasuaji alipewa fomu ya kurasa arobaini kwenye skrini. Alikuwa na homa na maumivu. Alibonyeza kidole gumba mahali walipomwonyesha, bila kuusoma ukurasa uliotaja daftari la taifa.

"Nusu ya vinasaba vyako ni ya baba na nusu ni ya mama," Tumpe aliendelea. "Wewe na huyu mwanamke mnalingana robo, na robo yenyewe yote ni ya upande wa baba yako. Maana yake ni shangazi yako, au ni dada yako wa kwa baba."

"Shangazi ninaye mmoja tu, na Jumamosi anaolewa. Dada sina. Nina kaka wawili."

"Ndiyo sababu nimekuja. Kuna mfumo tunauita Mzizi. Ukifunguliwa, unasoma mafaili ya hospitali ya kila mtu wa ukoo wako. Vipimo, magonjwa, nani kazaliwa wapi, nani ni mtoto wa nani kwa kweli. Kwenu ni watu sabini na mmoja. Baada ya robo saa unatupa jina na anuani."

"Na wao wamekubali?"

"Hawaulizwi. Sheria inasema ridhaa ya mmoja inatosha. Mmoja akifungua mlango, wote wamefungua." Tumpe alisogeza kibao mbele yake. Katikati palikuwa na duara la kijani, ukubwa wa kidole gumba. "Nimetakiwa nikuombe wewe."

Hidaya aliliangalia lile duara. Aliwawaza watu sabini na mmoja. Binamu yake ambaye hakumwambia mtu yeyote kuhusu ugonjwa wake isipokuwa Hidaya. Kaka yake mkubwa, ambaye mapacha wake walipatikana kwa msaada wa maabara, jambo ambalo mama mkwe wake halijui mpaka leo. Baba mdogo Kaniki, ambaye hata mate yake hajawahi kumpa daktari.

"Nikikataa?"

"Jopo la mapitio linakaa Ijumaa saa tatu, hapa hapa wilayani. Ni mara ya mwisho kesi hii kuangaliwa. Bila mwenye damu, watasema doa hilo lingeweza kuwa la siku yoyote. Mbonea atabaki ndani miaka kumi na miwili mingine."

"Na huyo mwanamke, mkimpata, mtamfanya nini?"

"Sijui. Huenda ndiye aliyewasha moto. Huenda aliona." Tumpe alisimama na kuchukua mkate wake. "Sheria inataka nikuambie hayo niliyokuambia. Haikutaka nikwambie kwamba mimi mwenyewe dada zangu sijawasajili. Lakini nimekwambia."

"Nipe mpaka Alhamisi jioni."

"Alhamisi jioni," Tumpe alikubali, akatoka.

*

Hidaya hakuwa mtu wa kukaa na jambo likamla moyoni. Alifunga duka saa nne, akaanza kupiga simu. Kama mlango ni wa watu sabini na mmoja, alijiambia, basi wapigiwe hodi.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Wengine walipokea wakidhani ni habari za sare ya harusi, na ilibidi kwanza waafikiane kuhusu rangi ya vitenge. Mmoja aliuliza kama kukubali kutamletea figo mpya na yeye. Kufika adhuhuri alikuwa ameongea na watu kumi na tisa. Kumi na moja walisema ndiyo, sita walitaka kufikiri, na kaka yake mkubwa alisema tu, "Dada, nakuomba." Hidaya alimwambia ameelewa.

Wa kumi na tisa alikuwa baba mdogo Kaniki.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hapana."

"Sijasema kitu bado."

"Kaka yako kanipigia. Hapana." Sauti yake haikuwa na hasira. "Yule Mbonea namwonea huruma, Mungu anajua. Wakinitaka nisimame mbele ya jopo niseme alikuwa mtu mwema, nakwenda kwa miguu. Lakini mwilini mwangu hawaingii."

"Una kitu unaficha, baba mdogo?"

"Sina nilichoficha, mwanangu. Nina kilicho changu. Ni vitu viwili tofauti. Keki itakuwa na zabibu?"

"Itakuwa na zabibu."

"Basi tutaonana Jumamosi."

Alikata simu, na Hidaya alijikuta anacheka peke yake katikati ya duka tupu, ingawa machozi nayo yalikuwa karibu. Angeweza kubonyeza hata sasa. Kidole kilikuwa chake. Kilichomshinda ni kwamba alimpenda Kaniki, na Kaniki alikuwa amesema hapana kwa kinywa chake mwenyewe.

Alasiri alipanda kwa Shangazi Mwanjaa. Alimkuta amesimama juu ya kigoda sebuleni, amevaa gauni la harusi la rangi ya zambarau, pini zimemjaa, na fundi cherehani yuko jikoni anakunywa chai.

"Usinikumbatie, nitakuchoma," shangazi alisema. "Naonekanaje?"

"Mzee Kupaza atazimia."

"Azimie baada ya kutia saini."

Hidaya alikaa chini akamweleza yote. Alipofika kwenye damu na dirisha, aliona hakuna njia ya mzunguko, akauliza, "Shangazi, ulishawahi kujikata pale ghalani?"

Mwanjaa alimtazama kutoka juu ya kigoda, halafu akaanza kucheka mpaka pini mbili zikaanguka. "Kwa hiyo mimi ndiye jambazi. Bibi harusi anakamatwa ukumbini na keki haijakatwa. Mwanangu, siku ile nilikuwa Tanga nang'olewa jino." Alinyoosha mkono. "Lete hicho kichupa chao niteme mate. Mimi nakubali, kwa ajili yangu. Ya Kaniki siwezi kukupa, wala ya kaka yako."

Vichupa vya mate Tumpe alikuwa ameacha viwili. Mwanjaa alitema mate kwa heshima zote, Hidaya akakituma kwa droni ya posta. Majibu yalirudi kabla gauni halijamaliza kupigwa pindo. Damu ya dirishani haikuwa yake.

"Basi amebaki dada," Hidaya alisema. "Dada ambaye sina."

Kicheko kilikuwa kimemtoka shangazi. Alishuka kigodani kwa uangalifu, akaketi kwenye mkono wa kochi, akaanza kuchomoa pini moja moja.

"Unajua kitu, shangazi."

"Najua, ila si changu cha kusema." Alichomoa pini nyingine. "Nenda kamuulize baba yako, Hidaya. Usiiulize mashine. Mashine itakujibu haraka, lakini yeye atabaki hajasema, na hilo litamuua."

*

Mzee Mbaruku Shekiondo alikuwa nyuma ya nyumba siku ya Jumatano, amekunja suruali, anasugua kwa majivu masufuria makubwa ya kuazima kwa ajili ya pilau. Tangu mke wake afariki, miaka mitatu nyuma, hakuna kazi ya nyumbani aliyoiogopa. Hidaya alimwamkia, akachukua sufuria moja na yeye, wakasugua pamoja. Alisimulia akiwa ameinamisha macho. Alipomaliza, baba yake naye alikuwa ameacha kusugua.

"Mwanamke," alisema mzee. "Umri gani?"

"Hawajui umri. Wanajua ni binti yako, baba, au ni shangazi mwenyewe. Na si shangazi."

Mzee Mbaruku alinawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja. Halafu akasema, "Anaitwa Mwatumu."

Alilitamka kama mtu aliyekuwa akilirudia jina hilo kila siku bila sauti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, alieleza, mpima ardhi, amepangiwa Mombo. Kulikuwa na msichana, Zuhura. Mimba ilipoingia, baba yake Zuhura hakutaka kusikia habari za mpima ardhi asiye na mbele wala nyuma, akamwoza binti yake kwa Omari Mndolwa, mwenye duka la vipuri. Omari alijua yote. Alimpokea mtoto, akampa jina lake. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba Mbaruku asije kumchanganya mtoto akili.

"Na mimi nikamwahidi. Ilikuwa kabla sijamjua mama yako. Mama yako nilimwambia kabla ya kumuoa, akasema ahadi ni ahadi." Alivuta pumzi. "Mara mbili kwa mwaka nilikuwa nashuka Mombo kununua kitu kisicho na maana kwa Omari. Skrubu. Balbu. Nilikuwa namwona binti anafanya hesabu za shule nyuma ya kaunta. Omari alikuwa ananiuzia skrubu na haniambii kitu. Alikuwa mtu muungwana sana."

Hidaya alimtazama baba yake, mtu ambaye stoo yake ilijaa makopo ya skrubu ambazo hazikuwahi kufungwa popote.

"Kwa hiyo unaona," mzee aliendelea, "ukibonyeza hicho kitu, siri si yangu tu. Ni ya Zuhura. Ni ya Omari, na yuko kaburini. Na mtoto, sijui hata kama ameambiwa. Atakuja kuambiwa na askari mlangoni?"

"Na Mbonea, baba?"

"Nilikuwa nasoma naye magazeti pale ghalani. Simsahau." Mzee alisimama, akairudisha chini suruali. "Sijasema tumwache. Nasema twende tukaulize kwa miguu yetu. Kesho, kigari cha kwanza."

*

Vigari vya waya vinavyoshuka kutoka Lushoto hadi Mombo huchukua dakika ishirini na mbili. Mzee Mbaruku alivaa kanzu yake nyeupe na koti, akabeba mkate wa maziwa ambao binti yake aliufunga kwa karatasi ya zawadi. Njia nzima alikuwa anaangalia mashamba ya kabichi yakipita chini ya miguu yake, na mara tatu alimuuliza Hidaya kama kofia imekaa sawa.

Bi Zuhura alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani, na glovu ya kupikia mkononi. Alimtazama Mbaruku, akamtazama Hidaya, akautazama mkate.

"Umechelewa," alisema. "Nilikutegemea tangu Omari afariki. Ingieni, chakula kinaungua."

Walikaa. Hidaya, kwa kuwa baba yake alikuwa amepoteza sauti, ndiye aliyeeleza habari za ghala na kioo. Bi Zuhura alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukabadilika, lakini haukubadilika jinsi Hidaya alivyoogopa.

"Mwezi aliokufa Omari," alisema, "nilimwambia mtoto. Omari mwenyewe aliniachia ruhusa hiyo. Mwatumu alilia siku tatu, kisha akapanda juu kukutafuta, Mbaruku. Ijumaa. Akarudi jioni kiganja kimefungwa kanga, uso umekwaruzwa. Nikamuuliza, hao watu wamekupiga? Akasema, hapana mama, sikuingia. Kesho yake akasafiri kwenda kazini Singida, anapanda minara ya upepo. Hakutaka tuiongelee tena." Alitoa simu mfukoni. "Nitampigia. Lakini ataamua yeye."

Alipiga. Akaongea na binti yake chumbani kwanza, mlango umefungwa, kwa muda uliomtosha Mzee Mbaruku kuvua kofia na kuivaa mara nyingi. Aliporudi, aliiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi. Upepo ulisikika, na chuma kikigongana na chuma.

"Shikamooni," ilisema sauti. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kupayukia chini kutoka juu. "Mama amenieleza. Huyo mtu aliyefungwa, ni mrefu? Anavaa kofia ya kijani ya sufu?"

"Ndiye," Hidaya alijibu. "Alikuwa haivui hata jua likiwaka."

"Nilimwona." Chuma kiligonga tena. "Nilifika hadi getini kwa mzee. Nikasimama. Sikujua nitasema nini, nikageuka. Nikiwa napita ghalani nikaona moshi unatoka kwenye chumba cha betri kule nyuma, na ndani nasikia mtoto analia. Nikachukua jiwe nikavunja dirisha, nikaingiza mkono kutafuta komeo, ndipo nikajikata. Hakuwa mtoto. Alikuwa paka. Alinirukia usoni akatoka."

Bi Zuhura alijiziba mdomo kwa glovu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hidaya naye alilazimika kuangalia dari.

"Chekeni tu, mimi mwenyewe nilicheka mwaka mzima baadaye. Wakati huo huo yule wa kofia ya kijani akatokea barabarani anakimbia, mkungu wa ndizi uko begani, anapiga kelele za maji. Aliutupa mkungu karibu na miguu yangu. Hakuniona kabisa, moshi ulishatanda. Ndani hakukuwa na mtu. Moto ulianza kwenye betri, wenyewe."

"Kwa nini uliondoka, mwanangu?" Ilikuwa sauti ya Mzee Mbaruku, ya kwanza tangu aingie ndani ya nyumba ile.

Mwatumu aliipandisha sauti juu ya upepo. "Watu walitoka msikitini na ndoo. Wewe ulikuwa wa tatu. Mama alinionyesha picha yako. Nilikuwa natoka damu, uso umechanwa na paka, nanuka moshi. Sikutaka unione hivyo mara ya kwanza."

Mzee aliinamia simu kama anayetaka kuifunika na kanzu yake. Bi Zuhura alimsogezea kikombe cha chai.

"Sikujua kama kuna mtu alifungwa," Mwatumu aliendelea. "Kama ningejua, ningerudi. Miaka sita." Alishusha pumzi iliyosikika wazi. "Hidaya, ndiyo wewe? Hicho kitu cha kubonyeza, umekibonyeza?"

"Bado. Nilikuwa nawauliza watu."

"Usikibonyeze. Sikujisajili kwa makusudi, na wala sitaki mtu mwingine asajiliwe kwa ajili yangu. Mwambie huyo inspekta damu yangu nitaileta mwenyewe, nikitembea. Ailinganishe na kioo chake, kisha aimwage mbele yangu. Treni ya leo jioni nitaiwahi nikishuka mnara sasa hivi."

*

Tumpe alipopigiwa simu Alhamisi jioni alisikiliza bila kukatiza, halafu akauliza swali moja, kama kweli atakuja. Hidaya alisema hajawahi kumwona, ila anaamini. Inspekta akasema ataandika kwenye faili kwamba Mzizi haukuhitajika, na kwamba hilo neno hajawahi kupata nafasi ya kuliandika.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, kigari cha waya kilifunguka na akashuka mwanamke mrefu, mwenye buti za kazi na begi mgongoni, anayetembea kama baba yake, magoti yakitangulia. Hidaya alikuwa amejiandaa kwa maneno. Alichofanya ni kumpa andazi la moto. Mwatumu alilila lote hapo hapo amesimama, akajifuta mdomo, akasema, "Hili ndilo mlikuwa mnanificha miaka yote?" na wakakumbatiana mpaka msimamizi wa kituo akawaomba wapishe njia.

Mbele ya jopo mambo yalikwenda taratibu na kwa mpangilio. Mwatumu alitoa tone moja la damu kutoka kwenye kiganja kile kile chenye kovu. Mashine iliilinganisha na kioo, taa ikawaka, na Tumpe akakivunja kichupa ndani ya dawa mbele ya watu wote. Kisha Mwatumu akasimulia. Alipofika kwenye paka, mwenyekiti wa jopo alijaribu kukohoa, lakini haikumsaidia. Alipofika kwenye mkungu wa ndizi, mtu mmoja mrefu, mwembamba, aliyekaa kati ya askari wawili, alifunika uso kwa mikono yake.

"Alitupa mkungu upande gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Kushoto kwa mlango wa nyuma, chini ya bomba la maji. Ulikuwa bado mbichi."

"Mimi nilisema hivyo," Mbonea Kiangi alisema kwa sauti ndogo, akiwaambia askari wake. "Chini ya bomba. Nilisema mbichi."

Ilikuwa saa sita kasoro robo walipomwachia. Hidaya alisubiri nje, kwa sababu alikuwa na deni la maneno. Alimfuata, akamwambia kwamba siku zile alisema lazima ni yeye, alisema mbele ya wateja, na kwamba anaomba radhi. Mbonea alimwangalia. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

"Wengi walisema," alijibu. "Wewe ndiye wa kwanza kurudi kuniambia." Halafu akauliza kama ni kweli Mwanjaa anaolewa, na kama ule uvumi kwamba Kupaza amejifunza kucheza ni uongo au la.

Ilionekana ni kweli. Jumamosi mchana, ukumbi wa ushirika ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, na Mzee Kupaza alicheza peke yake dakika nne nzima huku bibi harusi akiwa ameshika kiuno, anamtazama kama mtu anayekagua redio iliyotengenezwa vizuri. Mbonea na mke wake walikaa karibu na baba mdogo Kaniki, ambaye alikuwa anawahutubia kuhusu uhuru wa mwili na mdomo wake umejaa keki. Kaka mkubwa wa Hidaya aliwaleta mapacha wake wamsalimie shangazi mpya kutoka Singida, na alipopita karibu na dada yake alimbana mkono kwa nguvu. Bi Zuhura alikuwa ameshaingia jikoni na kuwafukuza wapishi wawili.

Kisha mshereheshaji akaomba kaka wa bibi harusi asimame atambulishe familia, kama ilivyo desturi.

Mzee Mbaruku alisimama, akashika kipaza sauti. Akakishusha. Akazunguka meza mpaka alipokaa Mwatumu, akainama karibu na sikio lake. Hidaya, aliyekuwa kiti cha pili, aliyasikia yote.

"Wanataka niwataje watoto wangu," mzee alisema. "Watu ni wengi, na neno likishatoka halirudi. Ukisema nisikutaje, nitataja watatu na nitakaa, na moyo wangu hautabadilika. Nikutaje?"

Mwatumu alikiangalia kiganja chake, kisha akamtafuta mama yake kwa macho kule mlangoni mwa jiko. Bi Zuhura alinyanyua mabega, mwiko mkononi, kwa maana ya kwamba hilo ni lako. Ukumbi ulikuwa umeanza kunyamaza.

"Nitaje," alisema. "Lakini baba yangu Omari umtaje kwanza."

Mzee alirudi mahali pake, kofia imekaa upande na hakujali. Aliwataja wanawe wawili wa kiume. Akamtaja Hidaya, na watu wakapiga makofi kwa ajili ya keki. Kisha akasubiri mpaka hata mapacha wakatulia.

"Na kuna mtoto wangu wa kwanza," alisema, "ambaye wengi wenu mnamwona leo. Alilelewa na mtu bora kuliko nilivyokuwa mimi wakati ule. Mtu huyo aliitwa Omari Mndolwa, wa Mombo, na Mungu amlaze mahali pema. Jina lake analo yeye hadi leo, na ataendelea kuwa nalo. Huyu hapa ni Mwatumu binti Omari." Aliigeukia meza ya Mwatumu. "Na ameniruhusu niseme kwamba ni wangu pia."

Kutoka jikoni Bi Zuhura ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, mwiko juu, na Shangazi Mwanjaa akavidaka kabla havijatua.